Kwa Nini Kila Kilima cha Toscana Kina Ngome

Ukitaja Italia hapa chuoni, watu wanafikiria mpira, tambi na viatu. Muhula uliopita nilikuwa Siena, mkoa wa Toscana, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na kilichonishangaza zaidi ni kingine kabisa. Watu wazima, wenye magari yao nyumbani, wanavaa buti, wanabeba begi mgongoni na kutembea kilomita 20 kwa siku, kijiji hadi kijiji, wiki nzima. Kwetu mtu akifanya hivyo tutamuuliza kama nauli imemwishia. Kule ndiyo likizo yenyewe.

Nilitembea nao wikendi kadhaa. Nchi yenyewe ni ya upole: vilima vya mviringo, mashamba ya ngano, mizabibu, mizeituni, na mistari ya misaipresi iliyosimama kama mishumaa. Lakini kila baada ya saa mbili hivi, juu ya kilima, unakuta ngome au kijiji kilichozungushiwa ukuta. Sasa jiulize: nchi iliyotulia hivi, ngome zote hizi zilikuwa za nini? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo, kwa sababu jibu lake linabadilisha namna unavyoiona ile mandhari.

Njia kwanza, vijiji baadaye

Jibu la kwanza ni barabara. Njia inayopita huko inaitwa Via Francigena. Katika Zama za Kati ndiyo iliyowapeleka mahujaji kutoka kaskazini mwa Ulaya hadi Roma. Mwaka 990 hivi, Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma, na safari yake ya kurudi ikaandikwa kituo kwa kituo, vituo 79. San Gimignano imo, Siena imo, San Quirico imo. Wanaotembea leo wanafuata orodha hiyo, kijiji kwa kijiji.

Njia yenye watu ina pesa. Hujaji anahitaji kula, kulala, kutengenezewa kiatu, kutibiwa. Siena ilikuwa na hospitali kubwa, Santa Maria della Scala, mkabala na kanisa kuu, iliyopokea mahujaji, wagonjwa na watoto waliotelekezwa. Hospitali hiyo ilimiliki mashamba mengi nje ya mji. Ukitoka Siena kuelekea kusini unafika Cuna, na pale utaona jengo kubwa lenye kuta nene, ukadhani ni kasri la mfalme. Hapana. Ni ghala la ngano la hospitali, la karne ya 14. Walijenga ngome kulinda chakula! Tukisoma historia tunaambiwa ngome ni vita na wafalme. Hapa ngome ni unga wa mkate wa wagonjwa.

Jirani ni adui

Jibu la pili ni ugomvi. Siena na Firenze ni miji jirani, na kwa karne nyingi iligombania njia na ardhi ileile. Kati ya 1213 na 1219 Siena ilijenga Monteriggioni juu ya kilima, upande wa Firenze. Ni ukuta wa duara wenye mzunguko wa mita 570 hivi, minara 14 na malango mawili. Ndani kuna uwanja, kanisa na nyumba chache, basi. Dakika tano umeshakatiza kutoka lango hadi lango. Ukija kwa miguu kutoka San Gimignano, kama kilomita 30, unaiona kwa mbali, na ile minara inakutazama huku miguu inakuuma. Dante naye, katika sehemu ya Jehanamu ya shairi lake kuu, aliyafananisha majitu yaliyozunguka shimo na minara ya Monteriggioni.

Ngome hiyo ilidumu zaidi ya miaka 300. Ilipoanguka mwaka 1554, haikubomolewa kwa mizinga. Kamanda wake aliikabidhi kwa adui. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka uliofuata Siena yenyewe ikasalimu amri.

Umaskini uliotunza

Sasa, miji mingi duniani ilikuwa na kuta na minara, ikavunja ili kujenga vipya. Kwa nini hii ilibaki? Kusema ukweli, ilibaki kwa sababu pesa iliondoka.

San Gimignano ilitajirika kwa biashara, ikiwemo zafarani, na matajiri wake wakashindana kujenga minara. Inasemekana ilifika 72. Leo imebaki kama 14. Mwaka 1348 tauni kubwa iliua watu wengi, miaka mitano baadaye mji ukaingia chini ya Firenze, na wasafiri nao wakazidi kutumia njia nyingine. Mji ambao hauna pesa ya kujenga hauna sababu ya kubomoa. Umaskini ukawa mlinzi wa minara, na mwaka 1990 UNESCO ikauweka mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Nani alichora vilima?

Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mtalii anapiga picha ya kilima, shamba na nyumba ya mawe, anasema, "Uzuri wa asili." Si wa asili. Ule mpangilio ulitengenezwa kwa mikono, na mikono hiyo haikumiliki kitu.

Kwa karne nyingi mashamba ya Toscana yalilimwa kwa mfumo uitwao mezzadria, yaani nusu kwa nusu. Mwenye ardhi anatoa shamba na nyumba, familia ya mkulima inatoa nguvu zake zote, mavuno yanagawanywa katikati. Zile nyumba za mawe zilizosimama peke yake juu ya vilima ndimo familia hizo zilimoishi. Ukiwa umesoma historia ya Karagwe na Buhaya, nyarubanja itakujia akilini mara moja: unalima maisha yako yote, ardhi ni ya mwingine. Mifumo hii haifanani kila kitu, ila mkulima wa huku na wa kule wangeelewana haraka.

Katika hosteli moja ya mahujaji karibu na Buonconvento, nilimsifia bibi mmoja aliyekuwa akitugawia supu. Nikamwambia mmebarikiwa kuwa na mandhari kama haya. Akacheka kidogo. Akasema baba yake alilima kilima kile kilichokuwa mbele yetu, na hakuwahi kukiita kizuri, alikiita nusu. Sikuwa na la kujibu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana walianza kuondoka kwenda viwandani mijini. Mwaka 1964 sheria ilikataza mikataba mipya ya mezzadria, na mwaka 1982 sheria nyingine ikaweka utaratibu wa kuigeuza ile iliyobaki kuwa ukodishaji wa kawaida. Nyumba nyingi zilibaki tupu. Baadaye zikanunuliwa, nyingine na wageni, zikawa nyumba za likizo. Sheria ya mwaka 1985 iliruhusu wakulima kupokea wageni shambani, na mwaka 1994 Baraza la Ulaya likaitambua Via Francigena kuwa njia ya kiutamaduni. Hivyo njia iliyoleta watu wakati wa Sigeric imeanza kuleta watu tena.

Ukipata nafasi ya kwenda

Njia ina alama za rangi nyeupe na nyekundu, kwa hiyo kupotea si rahisi. Unabeba kitabu cha hujaji kinachopigwa muhuri kila unapolala. Baadhi ya hosteli huchangii zaidi ya sadaka. Aprili hadi Juni na Septemba ni miezi mizuri. Julai jua ni kali na vivuli ni vichache. Usidanganywe na neno "upole": Radicofani iko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na unaufikia mwishoni mwa siku ndefu, magoti yakiwa yamekwisha.

Nasomea ualimu, kwa hiyo lazima niseme na hili. Kwa basi, kutoka Monteriggioni hadi Siena ni muda mfupi tu, na unaona ngome moja na mji mmoja. Kwa miguu ni kilomita 20 hivi, na unaona kinachoviunganisha: kisima, ghala, kanisa dogo, nyumba tupu ya mkulima. Ngome zina majina ya waliozijenga na waliozisaliti. Vilima havina jina la mtu hata mmoja. Mwalimu anayepeleka wanafunzi kwenye ziara, Toscana au hapa kwetu, awashushe kwenye gari kilomita chache kabla ya mnara, halafu awaulize: hapa katikati, nani alilima?