Mti wa Chunguni na Mche wa Shambani

Wanachama wetu wanaovuka bahari kwenda Morogoro hurudi na habari za wenzetu wa Milima ya Uluguru. Upande wa mashariki wa milima hiyo, katika sehemu za Matombo, Mkuyuni na Kinole, ndiko pepo kutoka Bahari ya Hindi zinakoshusha mvua, na huko wakulima wanapanda mikarafuu, midalasini na mipilipili manga katika miteremko mikali. Lakini safari hii tunataka kueleza jambo jingine, ambalo msafiri hulifikiri akipita kwenye vitalu vya kando ya njia. Je, mti mkubwa waweza kuishi chunguni maisha yake yote? Waweza, wala si uchawi. Na mwenye mikarafuu akiufahamu ufundi huu, atajua pia namna ya kujiepusha na hasara anaponunua miche.

Ufundi wenyewe huitwa bonsai. Ulianza China, Wajapani wakaukuza, na maana ya jina ni kitu kilichopandwa katika chombo kama sinia. Bonsai si aina ya mti mfupi, bali ni mti ule ule wa kawaida uliozuiwa usikue. Mjini Washington, Marekani, uko msonobari mmoja uliotunzwa hivyo tangu mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu la atomiki lilipoanguka mwaka 1945, ukasalimika nyuma ya ukuta, na mwaka 1976 mwenyewe, Bwana Masaru Yamaki, aliwapa Wamarekani zawadi.

Mti huzuiwa kwa njia mbili. Kwanza ni mizizi. Chombo kikiwa kidogo, mizizi haina pa kwenda. Kila baada ya miaka miwili au mitatu mti hutolewa, mizizi minene hupunguzwa, na udongo mpya hutiwa ili mizizi myembamba inayonywa maji izidi. Pili ni matawi. Kilele cha mti huyazuia macho yaliyo chini yake yasichipuke. Kikikatwa, macho yale huamka, na mti hutanuka badala ya kurefuka. Hayo yakifanywa kwa miaka, majani huwa madogo na mti huonekana mzee.

Anayetaka kujaribu hana haja ya kutoa fedha nyingi. Aende kitaluni, aulize miche iliyoachwa pembeni, ile ambayo wanunuzi wameikataa kwa sababu imepinda au imekaa siku nyingi. Mkwaju, mkomamanga, mndimu, bogenvilia na miti ya jamii ya mkuyu yafaa sana. Atazame shina: liwe nene chini na jembamba juu, na matawi yaanze karibu na udongo. Upindaji ambao ni aibu shambani, katika chungu ndio uzuri wenyewe.

Njia ya pili ni kuchimba mti ulioota wenyewe. Kando ya njia na mipakani mwa mashamba chini ya Uluguru, mkwaju mdogo huliwa na mbuzi mwaka huu na kufyekwa kwa panga mwaka ujao, hata ukawa na shina nene na kimo kisichopita goti. Unene huo haununuliwi. Ni kazi ya miaka. Mti wa namna hiyo uchimbwe mvua zinapoanza, kwa kuuzungushia mtaro mbali kidogo na shina. Mzizi mkuu ukatwe kwa kisu kikali, mizizi myembamba ihifadhiwe katika gunia lenye maji, kisha mti upandwe siku ile ile katika sanduku lenye mchanga na udongo usiotuamisha maji. Ukae kivulini, na mwaka mzima usikatwe tena hata tawi moja.

Lakini hapana budi kuomba ruhusa ya mwenye ardhi. Na misitu ya juu ya Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Humo haiondolewi miti wala miche kwa kupenda kwako. Misitu hiyo ndiyo inayoushikilia Mto Ruvu, na maji ya Ruvu hunywewa hata Dar es Salaam.

Sasa turudi kwenye mikarafuu yetu. Mkarafuu haufai kwa bonsai, maana mizizi yake haipendi kuguswa. Lakini mche wa mkarafuu uliokaa mno katika mfuko wa kitaluni hufanywa bonsai bila mtu kukusudia. Mzizi hufika chini ya mfuko, hukosa njia, hujikunja kama ngata. Ukipandwa shambani haunyooki tena. Mti huweza kusimama miaka miwili mitatu, kisha kiangazi kikali kikaukausha, au upepo ukauangusha. Mwingine husema ni ugonjwa, mwingine husema ni ardhi. Na mkarafuu huchukua kadiri ya miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Basi mkulima huenda akaupalilia muda wote huo mti ambao kosa lake lilikuwa ndani ya mfuko tangu siku ya kuununua.

Kwa hiyo anayenunua miche ya shamba afanye kinyume cha mnunuzi wa bonsai. Achague iliyonyooka, yenye majani yasiyo na madoa, wala asivutwe na mche mrefu ulio katika mfuko mdogo. Mizizi ikiwa imetoboa mfuko na kuingia ardhini, mche umechelewa. Na kabla ya kulipia miche mingi, amwombe mwenye kitalu apasue mfuko mmoja ili waone mizizi pamoja. Gharama ya mche mmoja ni ndogo kuliko ya miaka saba.

Kuna pia maotea yaliyo chini ya mikarafuu yetu wenyewe. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki. Ikikauka hupoteza uhai upesi, na kwa hiyo maotea haya ni akiba ya bure. Yachukuliwe yangali na majani mawili hadi manne, chini ya mti wenye afya unaozaa vizuri, baada ya mvua. Yasing'olewe kwa mkono, bali yachimbwe pamoja na bonge la udongo. Kisha yawekwe chini ya kivuli cha makuti, na kivuli kipunguzwe kidogo kidogo kabla ya kupandwa masika.

Tena tunawaomba wanachama wasivushe miche kutoka Morogoro kuja visiwani bila kibali cha maofisa wa kilimo wanaokagua mimea. Udongo wa mfuko mmoja waweza kubeba maradhi.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mti wa chunguni ni kweli. Kwa mzizi wa mkarafuu ndilo jambo la kuogopa, kwani ukikunjika ungali mbichi, utabaki hivyo hivyo.