Je, Wajua? Sungura Anayehamia Sebuleni

Wengi wetu tunamjua sungura wa aina mbili: mjanja wa hadithi za bibi, na yule wa bandani ambaye safari yake huishia sufuriani. Uingereza, Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya wanaye wa tatu. Huyu huzaliwa kwenye shamba dogo, huzoezwa watu kabla hata hajafumbua macho, kisha huchukuliwa na familia na kuishi ndani ya nyumba, akipita chini ya meza na kutafuna nyaya za simu. Hebu tumchungulie.

Mama sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku

Tena kwa dakika tatu hadi tano, basi. Saa zilizobaki hakai kiotani, kwa sababu huko porini kila anapowaendea wanawe humwonyesha mbweha njia. Maziwa yake hufidia pengo hilo: mafuta na protini ni karibu mara tatu ya yaliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Mfugaji mgeni huingiwa na hofu akidhani watoto wametelekezwa. Mzoefu huingiza mkono kiotani asubuhi na kupapasa matumbo. Likiwa limewambwa kama ngoma, mama amepita. Likiwa na makunyanzi, kuna kazi.

Na hao watoto, vipofu na wasio na manyoya, hawana muda wa kubabaika wakitafuta titi. Huongozwa na pua. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa, akiwemo Benoist Schaal, walichapisha katika jarida la *Nature* ugunduzi wa kemikali moja iliyomo ndani ya maziwa ya sungura. Ukiipaka kwenye kijiti cha kioo, mtoto wa sungura hukidaka kijiti hicho na kukinyonya kwa imani kamili.

Urafiki na binadamu hufungwa wiki ya kwanza

Péter Pongrácz na Vilmos Altbäcker wa Hungaria walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wa sungura walioshikwa na mtu katika siku zao za mwanzo, karibu na wakati wa kunyonya, hawakumwogopa mtu baadaye. Walioshikwa mbali na wakati huo hawakupata faida hiyo. Wiki ileile, mikono ileile. Kilichotofautiana ni saa.

Cha ajabu zaidi ni kwamba katika siku hizo macho ya mtoto bado yamefumba (hufumbuka siku ya kumi hivi), na masikio nayo bado yameziba. Hajamwona mtu wala kumsikia. Amemnusa tu, tumbo likiwa limejaa, akajifunza kwamba harufu ile haina madhara. Hapo ndipo shamba dogo linapolipita banda kubwa la biashara: kuna mtu wa kukishika kila kitoto kwa dakika mbili tatu mara mama anapoondoka. Mara nyingi kazi hiyo huwaangukia watoto wa mwenye shamba, na sijasikia mtoto anayeikimbia.

Vipi ile imani kwamba mama atawakataa wanawe wakiguswa? Sungura jike aliyemzoea mfugaji wake kwa kawaida hajali hata kidogo.

Ubongo wake umebadilika kwa kuishi nasi

Mwaka 2018 kundi la wanasayansi, wakiwemo Miguel Carneiro wa Ureno na Leif Andersson wa Uswidi, lilipiga picha ubongo wa sungura wa porini na wa kufugwa waliolelewa katika mazingira yanayofanana. Kwa wale wa kufugwa, amigdala, ile sehemu inayoshughulika na hofu, ilikuwa ndogo zaidi. Sehemu ya mbele inayosaidia kuituliza hofu hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Vizazi vya ufugaji havikumbadilisha rangi na masikio peke yake.

Napoleon alikimbizwa na sungura

Jenerali Paul Thiébault anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba Berthier, mkuu wa wanadhimu wa Napoleon, alimwandalia bwana wake siku ya kuwinda na akanunua sungura elfu moja. Lakini alinunua wa mabandani badala ya wa porini. Walipofunguliwa hawakutafuta vichaka. Walimwona Napoleon, wakadhani ndiye mleta majani, wakamwendea wote kwa pamoja na kumzonga hadi akakimbilia kwenye gari lake la farasi. Thiébault alijua kutia chumvi, hilo lazima lisemwe. Ila yeyote aliyewahi kuingia bandani jioni akiwa na fungu la majani mkononi ataiamini hadithi hii bila kuomba shahidi.

Sungura wa hadithi zetu si ndugu wa karibu wa huyu

Yule anayekatiza barabara usiku mbugani Tanzania na Kenya ni wa jenasi *Lepus*. Huzaliwa juu ya ardhi akiwa na manyoya na macho wazi, tayari kwa ulimwengu. Wa bandani ni *Oryctolagus cuniculus*, mzawa wa Hispania na Ureno, mchimba mashimo, na huzaliwa hajiwezi. Kromosomu za yule ni 48, za huyu ni 44, na hawawezi kuzaliana.

Kwa hiyo sungura wote wa kufugwa duniani, wawe weusi, weupe au wa masikio yaliyolala, ni ukoo huo mmoja wa Iberia. Ukoo wenyewe una vituko: Netherland Dwarf akikomaa ana kilo moja hivi, na Darius, wa aina kubwa, alipimwa Uingereza mwaka 2010 akakutwa na urefu wa sentimita 129. Huyo humbebi kwa mkono mmoja.

Papa hakuhusika

Vitabu vingi husema sungura alianza kufugwa karibu mwaka 600, Papa Gregori alipotangaza kwamba vichanga vya sungura vihesabiwe kuwa samaki ili watawa wavile wakati wa Kwaresima. Mwaka 2018 watafiti wa Oxford waliifuatilia hadithi hiyo na kugundua kwamba ilitokana na kuchanganya watu: aliyeandika juu ya kuliwa kwa vichanga hivyo ni Gregori wa Tours, askofu na mwanahistoria, na hakuna amri yoyote ya Papa. Kufugwa kwa sungura hakuna siku ya kuzaliwa, kulikuja polepole.

Madada wawili wanaweza kugeuka familia ya kumi

Sungura jike hana siku maalumu za joto kama ng'ombe. Yai hutoka baada ya kupandwa, saa kumi hivi baadaye, na mimba huchukua takriban siku 31. Anaweza kushika mimba nyingine ndani ya saa chache baada ya kuzaa. Ongeza hapo kwamba jinsia ya sungura mdogo ni ngumu kuitambua, hata kwa wazoefu, na utaelewa kwa nini familia nyingi zimechukua "madada wawili" na kuamka siku moja zikakuta kiota kilichojaa.

Hata dume akihasiwa, si salama siku hiyohiyo: anaweza kubaki na uwezo wa kuzalisha kwa wiki kadhaa. Majike nao huondolewa kizazi kwa sababu nyingine nzito. Saratani ya mfuko wa uzazi huwapata wengi mno wakishavuka miaka minne. Katika baadhi ya aina, zaidi ya nusu yao.

Meno hayaachi kukua

Yote 28. Ya mbele hurefuka milimita 2 hivi kwa wiki, ambayo ni zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Kinachoyapunguza ni nyasi kavu, kutwa kucha. Karoti ya kwenye katuni ni tamutamu tu, tena ina sukari nyingi kwa tumbo lake.

Hula kinyesi chake, na akikosa atadhoofika

Ana kinyesi cha aina mbili: gololi kavu tunazozijua, na vijishada laini ambavyo huvipokea kwa mdomo moja kwa moja kabla havijagusa sakafu. Ndani yake mna protini na vitamini za kundi B zilizotengenezwa na bakteria wa utumbo. Nyasi zilezile, faida mara mbili.

Haoni kilicho mbele ya pua yake

Macho yake yako pembeni, kwa hiyo huona karibu pande zote kwa wakati mmoja, hata nyuma na juu anakotoka mwewe. Sehemu asiyoiona ni kipande kidogo mbele ya pua. Ndiyo maana mkono unaomjia usoni moja kwa moja humshtua, na ule unaotoka ubavuni kuelekea paji la uso humtuliza. Somo la kwanza ambalo mfugaji mzuri humpa mteja ni hilo.

La pili ni la kubeba. Mifupa yake ni takriban asilimia 8 tu ya uzito wa mwili, wakati ya paka ni asilimia 12 au 13, lakini misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu za kutisha. Akining'inizwa akapiga teke hewani, anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio. Kumshika masikio ni mambo ya michoro ya zamani.

Akifurahi huruka na kujipinda hewani

Huruka juu ghafla, kichwa upande huu, miguu upande ule, kisha hukimbia ovyo. Akistarehe kabisa hujiangusha ubavu kwa kishindo, na mwenye sungura mpya hudhani amekufa. Akikwaruzwa paji la uso husaga meno kwa sauti ndogo ya raha. Akiona hatari hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, hata saa nane za usiku, hata kama hatari yenyewe ni friji. Waswidi waliona vipaji hivi vinapotea bure wakaanzisha mashindano ya sungura kuruka viunzi. Rekodi ya kuruka juu ni sentimita 107.

Hatoi jasho

Joto hulipunguzia masikioni, kwenye mishipa iliyotandazwa karibu na ngozi. Hali ya hewa ikipita nyuzi 30 huwa hatarini, jambo la kuzingatia kwa yeyote wa Mombasa au Dar es Salaam anayetamani kumfuga. Wafugaji huweka bandani chupa ya maji yaliyoganda, naye huilalia ubavu bila kufundishwa.

Kumtafutia mwenza ni ushenga hasa

Sungura hupenda wenziwe, lakini ukimtia mgeni kwenye eneo la mwenyeji, manyoya yatapeperuka. Ana tezi chini ya kidevu, na kila alichokisugua nacho, kuanzia mguu wa kiti hadi kiatu chako, amekiandikisha kuwa mali yake. Kwa hiyo wawili hukutanishwa mahali ambapo hakuna aliyewahi kupamiliki, dakika chache leo, zaidi kesho, na yaweza kuchukua wiki kadhaa. Dume aliyehasiwa na jike aliyeondolewa kizazi ndio huelewana kwa urahisi zaidi. Uswisi imeliingiza jambo la wenza hadi kwenye sheria: sungura wachanga hawaruhusiwi kufungiwa peke yao katika wiki nane za mwanzo.

Anahama na mfuko wa chakula chake cha zamani

Utumbo wa sungura aliyetoka kuachishwa kunyonya huvurugika upesi, na hawezi kutapika. Ndiyo maana shamba linalojali humkabidhi akiwa na wiki nane au zaidi, pamoja na mfuko wa chakula alichokizoea, kichanganywe kidogo kidogo na kipya.

Ugumu huja baadaye, kwa sababu huyu huishi miaka minane hadi kumi na miwili. Sungura wa Tasmania aliyeitwa Flopsy alikaribia 19. Anayemnunulia mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuwa bado anamkatia sungura majani wakati mtoto huyo yuko chuo kikuu. Marekani, wengi wanaotolewa zawadi ya Pasaka huishia kwenye makao ya wanyama. Shirika la House Rabbit Society lilianzishwa California mwaka 1988 kuwaokoa na kuwatafutia familia mpya, na Januari 2019 sheria ya jimbo hilo ilianza kuyataka maduka ya wanyama yauze tu mbwa, paka na sungura waliotoka kwenye makao au mashirika ya uokoaji. Kwa wapenda Pasaka, kuna sungura wa chokoleti.

Kuna mahali anayeruhusiwa kumfuga ni mfanya mazingaombwe

Mwaka 1859 Thomas Austin aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza kwenye shamba lake huko Victoria, Australia, apate cha kuwinda. Ndani ya miaka 50 hivi walikuwa wametapakaa sehemu kubwa ya bara zima. Australia Magharibi ilijenga uzio uliokamilika mwaka 1907, wenye urefu wa kilomita zaidi ya 1,800, mrefu kuliko barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba, na sungura walivuka hata hivyo. Jimbo la Queensland halijasamehe hadi leo: kumfuga nyumbani ni kosa, na faini hufika makumi ya maelfu ya dola. Vibali ni vya wachache, kama vile watafiti na wafanya mazingaombwe, ambao bado wanahitaji kitu cha kutoa kwenye kofia.