Nambari ya simu haijikagui: mkaguzi ni wewe

Tuseme ni jioni, uko Kipsongo, Kitale. Umeuza mahindi ya kuchoma kutwa nzima, sasa unamtumia dadako aliye Bungoma shilingi 500 za dawa ya mtoto. Jirani anakusomea nambari, giza limeingia, una haraka. Badala ya 5 unabonyeza 6. Je, simu itakwambia umekosea? Wapi! Kwa simu, hiyo ni nambari kama nyingine.

Lakini kuna nambari zinazojikagua. Bonyeza *#06# uone tarakimu 15 za utambulisho wa simu yako. Ile ya mwisho kazi yake ni kukagua zilizotangulia. Hesabu yake ilibuniwa na Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyeomba hataza mwaka 1954 na kuipata 1960. Kadi za benki pia huitumia.

Hebu tuijaribu na 254 ya Kenya. Tarakimu yake ya ukaguzi ni 3, kwa hivyo tunapata 2543. Ukihesabu kutoka kulia, ya pili na ya nne zizidishe kwa 2: 4 inakuwa 8, na 2 inakuwa 4. Jumlisha zote: 4 + 5 + 8 + 3 = 20. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, nambari iko sawa. Ukiandika 2643 kimakosa, jumla ni 21. Kosa limeonekana!

Nambari yako ya simu haina tarakimu hiyo. Baada ya 07 kuna tarakimu 8, na kila moja inaweza kukosewa kwa njia 9. Yaani kuna nambari 72 zinazotofautiana na yako kwa tarakimu moja tu, na yoyote kati ya hizo inaweza kuwa na mwenyewe.

Ndiyo maana tunakuomba:

- Usiandike nambari kwa kusomewa mara moja. Isome tena kwa sauti, tarakimu mbili mbili, mwenzako akisikiza.
- Jina likitokea kwenye skrini, lisome lote kabla ya kuweka PIN. Jina ndilo mkaguzi wako. Likiwa si la dadako, katisha hapo hapo.
- Ukishakosea, usingoje kesho. Wasiliana nasi mara moja, kabla pesa haijatolewa.
- Ukipigiwa simu na mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa, angalia salio kwanza, usiangalie SMS pekee. Hata ukiipata pesa kweli, usimrudishie mwenyewe. Mwambie atupigie sisi tuirudishe.

Shilingi 500 ni jasho la siku nzima. Sekunde tano za kusoma jina haziwezi kukuchelewesha.