Kiboko Akipindua Mtumbwi, Aitwe Nani? Kazi za Afisa Uvuvi na Afisa Wanyamapori

Swali hili huulizwa mara kwa mara katika mikutano ya hadhara ya kata zilizo kando ya Ghuba ya Speke, na jibu lake huwashangaza wengi. Aitwe afisa wanyamapori. Ingawa kiboko hushinda majini pamoja na samaki, sheria humhesabu kuwa mnyamapori, na mamba hali kadhalika. Samaki, nyavu, mitumbwi na mialo ni mambo ya afisa uvuvi, ambaye yumo katika Idara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi. Wanyamapori wamo katika Kitengo cha Maliasili na Hifadhi ya Mazingira. Wa kwanza huongozwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na wa pili na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Mwananchi asiyeijua tofauti hii hupoteza siku nzima akitumwa mlango hadi mlango, na katika kazi hizi siku moja yaweza kuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Tuanze na ziwa. Afisa uvuvi huwapo mwaloni mapema, mitumbwi inaporejea. Hukagua leseni na namba za vyombo, huandika kiasi cha samaki walioshushwa, na hupima urefu wao tangu ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia. Sangara anayeruhusiwa kuvuliwa katika Ziwa Victoria ni yule mwenye urefu usiopungua sentimita 50, na kuna wakati kanuni zilimkataza pia anayezidi 85. Wavuvi husema kwamba katazo la samaki mdogo wanalielewa. Kilichowaudhi ni kuambiwa wamwache mkubwa, ambaye ndiye mwenye fedha. Malalamiko haya yana haki ya kujibiwa. Sangara wakubwa sana aghalabu ni majike, na jike moja la namna hiyo hubeba mayai kwa mamilioni. Anayemtoa majini amechukua kilo kadhaa za minofu pamoja na kizazi ambacho kingewapatia wengi riziki.

Kwa sato, ambaye kipimo chake cha chini ni sentimita 25, jambo ni la namna nyingine. Dume huchimba kiota katika maji ya kina kifupi karibu na ufuko, na jike hutaga humo, kisha huyachukua mayai na kuyaatamia kinywani mwake. Mvuvi aliyewahi kumwona sato akitema mayai ndani ya mtumbwi anajua tunachosema. Kokoro hukokotwa katika maji hayo hayo ya viota, likivuruga sakafu ya ziwa na kuzoa samaki wa kila umri. Hiyo ndiyo sababu ya kupigwa marufuku. Timba nazo zimekatazwa. Uzi wake wa plastiki hauozi upesi, kwa hiyo wavu uliopotea huendelea kuua samaki ambao hakuna atakayewala.

Afisa mmoja hawezi kuwapo katika mialo yote, na kwa sababu hiyo vipo vikundi vya wavuvi wenyewe vya kusimamia rasilimali, vinavyojulikana kwa jina la BMU. Hapa hatuna budi kusema wazi jambo linalonung'unikiwa. Nyavu zikikamatwa, mwenye nyavu anastahili kupewa maandishi yanayoonesha kilichochukuliwa na aliyekichukua. Faini halali hulipwa Serikalini kwa kumbukumbu namba ya malipo, na risiti hutolewa. Yeyote anayedai fedha taslimu ufukweni, hata akiwa amevaa sare, aripotiwe kwa mtendaji wa kata.

Sasa tugeukie upande wa pili, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi. Wengi hudhani kwamba afisa wanyamapori ni mtu wa bunduki. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yake ni futi kamba, kalamu na usiku usio na usingizi. Tembo wanapoingia shambani, yeye na askari wa uhifadhi huwarudisha porini; asubuhi hurudi kupima uharibifu. Taarifa yake, kupitia Halmashauri, ndiyo inayopelekwa Wizara ya Maliasili na Utalii ili mwathirika afikiriwe kifuta jasho, au kifuta machozi pale mtu anapojeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yalichaguliwa kwa makusudi: malipo haya si fidia, wala hayalingani na thamani ya mavuno. Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 ziliangalia pia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na ziliweka ukomo wa ekari tano. Kwa maoni yetu ni afadhali mkulima alijue hili mapema kuliko kulijua baada ya kusubiri miezi.

Mkulima mmoja wa wilaya hii aliamka na kukuta mahindi yake yamelala chini. Alitoa taarifa siku hiyo hiyo, lakini afisa alikuwa kata nyingine, na pikipiki ilikuwa moja. Alifika siku ya nne. Kufikia hapo mkulima, kwa uchungu na kwa akili ya kawaida, alikuwa amekata mabua na kuwalisha ng'ombe, na mvua ilikuwa imefuta nyayo. Hapakuwa na cha kupima, wala alama ya kuthibitisha kwamba aliyepita ni tembo na si mifugo ya jirani. Ucheleweshaji ulikuwa wetu. Hasara ikabaki kwake.

Tangu hapo tunawaomba wakulima wasiguse shamba lililoharibiwa kabla halijapimwa. Mjulishe mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, naye aandike mbele ya majirani wawili. Funika unyayo mmoja au miwili kwa beseni ili mvua isiufute. Piga picha kwa simu, kinyesi kikiwamo. Unyayo wa tembo ni wa duara na mpana. Wa kiboko una vidole vinne. Kanuni hazimhusu kila mnyama, hivyo afisa hana budi kumtambua mharibifu kabla ya kuandika lolote.

Kuhusu kuwazuia tembo, uzio wa kamba zenye vitambaa vilivyochovywa katika mchanganyiko wa pilipili na oili chakavu husaidia, na mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba husaidia pia, tena hutoa asali. Kelele na tochi hufaa kwa muda, tembo huzizoea. Kumrushia mawe au moto ni kumkaribisha mauti.

Vijana wanaotamani kazi hizi hawana haja ya kwenda mbali: mafunzo ya uvuvi yapo Nyegezi na ya wanyamapori yapo Pasiansi, vyote mkoani Mwanza.

Na yule kiboko? Hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi kabla ya jua kupanda, akifuata njia ile ile kila siku. Mitumbwi isiegeshwe kwenye njia hiyo, na bustani zisilimwe juu yake. Endapo mtu amedhurika, afisa wanyamapori apigiwe simu kwanza. Namba yake na ya afisa uvuvi zimebandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za watendaji wa kata.