Simu Ikijua Huzuni ya Mwanao: Tumsaidie au Tumpeleleze?

Baada ya swala ya Isha, baba mmoja alitufuata katika ofisi ya kamati ya msikiti. Kijana wake wa kidato cha sita halali usiku, hali vizuri, na amejitenga na wenzake. Baba huyo alikuwa ameambiwa kuwa ipo programu inayoweza kuwekwa kwa siri katika simu ya kijana ili imfuatilie. Akatuuliza: je, yafaa? Kisa chake tunakieleza kwa idhini yake na ya mwanawe.

Ni kweli kwamba simu yaweza kutambua dalili za maradhi ya akili. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo cha Dartmouth, Marekani, waliwafuatilia wanafunzi 48 kwa wiki 10 kupitia simu zao. Simu zilikadiria saa za kulala, mwendo na wingi wa mazungumzo, bila kuhifadhi maneno yenyewe. Ikaonekana kuwa mambo hayo yana uhusiano na msongo wa mawazo na sonona. Hata hivyo, wanafunzi wale waliulizwa kwanza, wakaridhia.

Pasipo ridhaa, mambo huwa mengine. Oktoba 2014, shirika la Samaritans la Uingereza, linalowasaidia waliokata tamaa, lilizindua programu iliyosoma maandishi ya watu katika mtandao wa Twitter. Ilipoona maneno ya huzuni, ilimpelekea taarifa yule aliyejiunga nayo. Mwenye huzuni hakuulizwa wala kujulishwa. Watu wengi walipinga, wakiwamo wenye maradhi hayo wenyewe. Walisema mtu mwenye nia mbaya angejua saa ambayo mwenzake ni dhaifu, na mgonjwa angeogopa hata kusema. Haikutimia wiki mbili, programu ikasitishwa.

Mwaka 2023, mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka kampuni ya ushauri nasaha ya BetterHelp ilipe dola milioni 7.8. Iliituhumu kwa kuzipeleka taarifa za wateja wake kwa Facebook na wengineo kwa ajili ya matangazo, ilhali iliahidi kuzificha.

Tukiyatafakari haya, tunaona kuwa watu hawakichukii chombo. Wanauliza: Niliulizwa? Nani anaona? Naweza kusitisha? Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nasi Waislamu tunayo aya ya 12 ya Suratul Hujurat, inayokataza kupelelezana.

Wapo watakaosema kwamba mzazi ni mchunga, naye ataulizwa kuhusu alichokichunga. Ni kweli, na mtoto anapohofiwa kujidhuru hatusubiri: tunakaa naye, tunamfikisha hospitali, na tunamweleza wazi sababu. Lakini kuchunga si kunyemelea. Kijana akigundua kuwa baba yake alijificha ndani ya simu yake, atafunga mlango ambao programu haiwezi kuufungua.

Tulimshauri baba yule aketi na mwanawe, amweleze hofu yake, na kama programu inahitajika, waiweke pamoja kijana akijua.

Alirejea baada ya siku chache. Kijana alikuwa amefeli mtihani wa moko, na kila usiku alikesha akitafuta maneno ya kumwambia baba yake. Simu ingesema kwamba halali. Isingesema kwa nini. Sasa wanakwenda pamoja kumwona mtaalamu wa afya ya akili, na kijana amejiwekea mwenyewe programu ya kuhesabu saa za usingizi. Kila Ijumaa humwonesha baba yake.

Ndugu wazazi, kabla ya kuishika simu ya mwanao, mshike mkono. Allah awahifadhi watoto wetu, na atupe sisi hekima ya kuwasikiliza. Amin.