Wageni wa Kaskazi Wasiohesabiwa

Kila mwaka ifikapo Oktoba, wakati majani yanapopukutika Ulaya na Asia ya Kati na baridi kuanza kuuma, mamilioni ya ndege hufunga safari kuja kusini. Somo hili la uhamaji wa ndege hufundishwa shuleni kwa ramani yenye mishale mirefu inayoshuka kutoka Urusi hadi Afrika. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba baadhi ya mishale hiyo inapita juu ya paa la darasa lake.

Maneno haya yanamhusu hasa mwanafunzi wa Kutulo, mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Elwak. Amezoea kusikia nchi yake ikiitwa kame, tupu na ya pembezoni. Lakini kwa ndege asafiriye, nyanda hizi za kaskazini mashariki ni lango la Afrika Mashariki. Mvua za deyr zinapoanguka, huwasili keremkerem, mbayuwayu, na chole wa Ulaya mwenye mbawa za samawati. Huja pia ndege wadogo wenye rangi ya mchanga, wasimamao wima juu ya vichuguu kana kwamba ni walinzi. Kipindi kinachoitwa majira ya baridi huko kwao, kwetu huanza na mvua na kuishia katika ukavu wa jilaal. Kufikia Machi na Aprili wageni hawa hugeuka na kurudi walikotoka.

Katika wasafiri hao yumo kozi wa Amur, mwenye uzito wa gramu 150 hivi. Huzaliwa Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China, akapumzika India, kisha akavuka Bahari ya Hindi bila kutua hadi pwani ya Afrika. Husaidiwa na upepo wa kaskazi, uleule ulioyaleta majahazi Lamu na Mombasa kwa karne nyingi. Mwaka 2012 ilifichuliwa kwamba wanavijiji wa Nagaland, India, walikuwa wakiwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu. Mwaka uliofuata, baada ya kampeni kubwa, nyavu ziliondolewa, na kozi watatu wakafungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Njia yao ilionekana waziwazi: baharini, Somalia, kisha kusini zaidi. Wanagaland sasa wanajivunia kozi wao. Sisi tulio upande wa pili wa bahari hiyohiyo, ni wangapi wetu tunaojua kwamba yupo?

Kuna na wageni wa namna nyingine, wasiofuata kalenda. Watazamaji wa ndege wa Ulaya na Marekani hutoka kwa miguu wakati wa baridi kuwatafuta chiriku wa nadra, ambao hushuka kusini miaka ile tu mbegu za misonobari zinapokosekana kwao. Kanuni hii si ngeni kwa mfugaji wa Kutulo. Kwelea, mwenye uzito wa gramu 20 tu, hula kiasi cha nusu ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo hana budi kufuata mvua na mbegu za nyasi popote zilipo. Hivyo ndivyo mfugaji naye anavyofuata malisho. Chiriku mwenye mdomo mnene wa nyanda hizi, apatikanaye Kenya ya kaskazini, Ethiopia na Somalia pekee, anabeba katika vitabu jina la Donaldson Smith, daktari wa Kimarekani aliyepita pande hizi mwaka 1894 na 1895. Mpita njia aliacha jina lake kitabuni. Mchunga mbuzi anayemwona chiriku huyo kila msimu hajaandika lolote.

Wala asidhani mtu kwamba maarifa ya mchungaji hayana uzito mbele ya sayansi. Mwaka 1989, Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenzake H. U. Reyer, walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya Waborana na mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye asali. Waborana walikuwa wakisema tangu kale kwamba mlembe huonyesha upande na umbali wa mzinga. Vipimo viliwapa haki: bila ndege, kutafuta mzinga kulichukua kwa wastani saa 8.9, kwa kuongozwa naye, saa 3.2. Neno la wazee likawa ushahidi, kwa sababu alikuwapo msomi aliyelisikiliza na kulipima.

Leo upo mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya, ulioanza mwaka 2013. Nchi imegawanywa katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, na raia yeyote anaweza kutembea katika mraba wake kwa saa mbili au zaidi na kuorodhesha anachokiona. Miraba ya Nairobi na Naivasha imejaa kumbukumbu. Kaskazini mashariki miraba mingi mno ni mitupu. Sababu zinajulikana. Umbali ni mkubwa, na usalama umekuwa kitendawili. Baada ya mashambulizi ya Mandera mwaka 2014 na ya Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, hata walimu wengi kutoka mikoa mingine waliondoka. Seuze mtazamaji wa ndege mwenye darubini shingoni. Ukweli basi ni huu: miraba hii haitajazwa na mgeni kutoka Nairobi. Itajazwa na mwenyeji, ama ibaki mitupu.

Napendekeza jambo dogo. Kila wiki, kuanzia Oktoba hadi Machi, mwalimu mmoja awatoe wanafunzi alfajiri, wasiende mbali na shule, wazunguke silanga na migunga iliyo karibu. Nairobi, matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia kwenye jumba la makumbusho yameendelea kwa miongo kadhaa, na mwendo wao si tofauti na huu. Kila mwanafunzi aandike tarehe, mvua ilinyesha lini, ndege gani, wangapi, na jina lao kwa Kisomali, Kiborana na Kiswahili.

Atakuwapo mwalimu atakayesema ana darasa lenye watoto wengi kupita kiasi na hana darubini. Ni kweli, na mzigo wake si wa kupuuzwa. Lakini kichuguu chenye ndege hakihitaji maabara, na mtaala wa umilisi unataka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Kuhusu usalama, mwalimu asitoke bila idhini ya wazee na chifu.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Daftari la miaka 10 litaweza kuonyesha kama ukame uliofululiza kati ya 2020 na 2022 uliwapunguza wageni hawa, au kama safari zao zimeanza kubadilika. Swali hilo hakuna awezaye kulijibu kwa niaba ya Kutulo. Oktoba ijayo chole atashuka tena. Mtoto mwenye kalamu na awe anamngoja.