Goti Halitaki Likizo

Ushauri ambao mkulima wa Kilosa hurudi nao kutoka kwa daktari, au kwa jirani aliyekwenda kwa daktari, huwa mfupi: pumzisha goti. Mwenye goti husikiliza, hushukuru, na kesho yake alfajiri huchukua jembe. Masika hayamngoji mtu, na mahindi ya bonde la Mkondoa hayajipalilii. Basi anabaki na mizigo miwili: maumivu yenyewe, na hofu kwamba kila hatua anayopiga inazidi kulimaliza goti lake. Huo mzigo wa pili hauna sababu ya kubebwa.

Tuingie ndani ya goti. Pale mfupa wa paja unapokutana na ule wa muundi, ncha zote mbili zimefunikwa na gegedu, tabaka jeupe, laini na telezi, lenye unene wa milimita chache tu. Gegedu halina mshipa hata mmoja wa damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo unahitaji kusukumwa. Mguu ukikanyaga, gegedu hubanwa likatoa maji kama sponji. Mguu ukiinuka, hufyonza tena. Asiyetembea analilaza goti na njaa. Watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo wamewahi kupimwa kwa miezi mingi, na gegedu la magoti yao likaonekana likizidi kuwa jembamba, ingawa magoti hayo hayakubeba kitu.

Hata tembo wana lao la kusema. Wale wa Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hutembea kutwa wakitafuta majani na maji. Wenzao waliofungiwa kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani, wanaosimama saa nyingi juu ya sakafu ngumu, wanajulikana kwa kusumbuliwa na nyayo na viungo. Sisemi tembo ni ushahidi wa goti la binadamu, lakini nikipita barabara kuu inayokatiza hifadhi ile siachi kulifikiria jambo hilo.

Mtaani ugonjwa huu wa kulika kwa gegedu la goti una maelezo yake: magoti yamesagika, ute umekwisha. Kusagika ni kweli kwa sehemu, maana gegedu hulika na mfupa wa chini yake ukaota vichomozo pembeni. Lakini goti linalovimba halijakaukiwa, limejaa ute kupita kiasi, ila ute huo umekuwa mwepesi. Supu ya makongoro na maji ya bamia havifiki huko. Tumbo huvisaga kama chakula kingine chochote. Kunywa supu kwa sababu ni tamu. Kisha kuna jambo linalowashangaza wengi: gegedu halina neva, kwa hiyo lenyewe haliumi. Maumivu hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando unaozunguka kiungo, na kwenye misuli iliyochoka. Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuonyesha goti bovu la mtu anayecheza ngoma, na goti zuri la mtu asiyelala kwa maumivu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 365 wana ugonjwa huu kwenye magoti, na wengi wao wanaweza kusaidika bila kisu.

Kama goti linataka kazi, swali ni kazi kiasi gani. Mwaka 2010 watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, walichapisha vipimo kutoka kwa wagonjwa watano waliowekewa magoti bandia yenye vihisio ndani. Kutembea tambarare kulileta kwenye goti mzigo wa zaidi kidogo ya mara mbili na nusu ya uzito wa mwili. Kushuka ngazi kulifika mara tatu na nusu. Hapo ndipo mtu anayeteremka kutoka milima ya Vidunda anapoelewa kwa nini kupanda kunamtoa jasho tu, ila kushuka ndiko kunakomliza.

Sasa mtwike ndoo. Mama wa kilo 60 akibeba lita 20 kichwani, goti lake linapokea zaidi ya kilo 200 kwa kila hatua ya tambarare. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Kenya: wanawake wa Kijaluo waliobeba kichwani na wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda wa kichwa waliweza kuchukua hadi moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada. Wanasayansi waliusifu ustadi huo, na unastahili sifa. Lakini walichopima ni pumzi. Mapafu yakisamehewa, goti bado linalipa, tena ndoo ya lita 20 kwa mama huyu ni theluthi ya uzito wake. Ajaze dumu la lita 10, au bora zaidi apakie madumu kwenye baiskeli, ambayo Kilosa ya bondeni haina uhaba nayo. Kuendesha baiskeli nako hulifanyisha goti kazi bila kulitwika mwili mzima.

Kubwa kuliko ndoo ni kuchuchumaa. Watafiti waliowapima wazee wa Beijing waliona kuwa waliochuchumaa saa nyingi kwa siku ujanani walipata zaidi ugonjwa huu uzeeni. Hesabu siku ya mama wa Kilosa: jikoni kwenye mafiga, kufua, kuchambua mboga, chooni. Sitamwambia aache kupika. Jiko likipandishwa juu ya jukwaa la udongo usawa wa kiuno, beseni likawekwa juu ya benchi, na fundi akatoboa kiti cha kuwekwa juu ya tundu la choo, goti limepunguziwa kazi kubwa kwa gharama ya mbao chache.

Dawa yenyewe ni msuli wa mbele wa paja. Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani, kaa, kunja mikono kifuani, simama polepole bila kujisukuma, kisha kaa polepole zaidi. Mara kumi, pumzika, rudia. Ukishindwa, ongeza mto juu ya kiti. Maumivu kidogo wakati wa zoezi hayaharibu kitu, mradi kesho asubuhi yawe yametulia. Yakizidi, punguza, usiache. Matokeo huja baada ya wiki sita au nane, na majaribio mengi yameonyesha nafuu inayolingana na ile ya vidonge vya kutuliza maumivu. Mwenye mwili mzito ana faida nyingine mkononi: kila kilo anayopunguza inaliondolea goti kama kilo nne kwa kila hatua. Dereva wa malori anayelala Mikumi akila chipsi mayai kila usiku anajua namsema nani.

Vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa duka la dawa na kumezwa kila siku miezi mfululizo huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Dawa ileile ikiwa jeli ya kupaka hufanya kazi vizuri kwenye goti, kwa kuwa kiungo kiko karibu na ngozi. Sindano ya steroidi hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini jaribio la mwaka 2017 lililowachoma watu kila miezi mitatu kwa miaka miwili liliona gegedu likipungua zaidi bila nafuu ya ziada. Fimbo, watu huionea aibu bure. Ishikwe mkono wa upande wa goti zima, isogee pamoja na mguu unaouma.

Wachache watafika kwenye goti bandia, linalowekwa Taasisi ya Tiba ya Mifupa na Ubongo Muhimbili, MOI, na aliyekwisha kuimarisha paja lake hupona upesi. Ila goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa ikapanda, hilo si la mazoezi wala la jeli. Huenda vijidudu vimeingia ndani ya kiungo, na mgonjwa afikishwe Hospitali ya Wilaya Kilosa au Mtakatifu Kizito Mikumi siku hiyohiyo, bila kungoja gulio liishe.